TSH yangu imepanda baada ya kujifungua. Je, nimeharibika homoni?

*"Daktari, nina miaka 31 na nilijifungua miezi 7 iliyopita. Mtoto alipofika miezi 3 hivi nilikonda ghafla, moyo ukawa unakwenda mbio na usingizi ukapotea, lakini kila mtu aliniambia ni uchovu wa kulea. Hali ile ikapita yenyewe. Sasa imegeuka. Nasinzia mchana, nasikia baridi wenzangu wakisikia joto, choo kigumu, nywele zinatoka kwa mafungu nikichana, na nimeongezeka kilo 3. Nimepima: TSH 7.8 (kawaida 0.4 hadi 4.0), T4 huru imeandikwa iko ndani ya kiwango. Mhudumu aliyenipa majibu alisema homoni zimevurugika na nijiandae kumeza dawa maisha yangu yote. Wifi yangu ameniletea unga wa mwani wa kusafisha homoni. Mama mkwe anasema niache kunyonyesha, maziwa yatamdhuru mtoto. Kwa ajili ya nywele natumia vidonge vya bayotini, mikrogramu 10,000 kwa siku. Nipime homoni zote? Nianze dawa? Nimwachishe mtoto?"*

Dada yangu, nianze na linalomgusa mtoto: endelea kunyonyesha. Hakuna kitu kwenye majibu yako kinachofanya maziwa yako yawe na madhara. Hata ukianzishiwa dawa ya thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo ambayo TSH huiamuru, hiyo ni homoni ileile ambayo mwili hutengeneza, na kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. La kuangalia ni upande wa pili: thairoidi ikishuka sana na isitibiwe, maziwa yenyewe yanaweza kupungua. Mweleze mama mkwe hivyo kwa upole, maana amesukumwa na mapenzi kwa mjukuu wake.

La pili ni unga. Uweke kando kwanza, usiuonje hata kijiko. Nitakueleza sababu mbele kidogo, na ni sababu inayomhusu mtoto pia.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Umeambiwa homoni zimevurugika, nawe umesikia kwamba mwili umeharibika kwa ujumla wake. Kauli hiyo huwatisha watu bila kuwaambia chochote: ni tezi ipi, homoni ipi, imepanda au imeshuka, tangu lini, kwa nini. Wewe una bahati kwamba dalili zako na hicho kipimo kimoja vinatosha kujibu sehemu kubwa ya maswali hayo.

Mwili una tezi zinazomwaga kemikali zake moja kwa moja kwenye damu: pituitari chini ya ubongo, thairoidi mbele ya shingo, adrenali juu ya figo, kongosho nyuma ya tumbo la chakula, ovari kwa wanawake, na nyingine. Kemikali hizo ndizo homoni. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba viungo huagizana kwa neva peke yake. Januari 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zilizokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakaweka tindikali ndani ya kipande hicho, na kongosho bado likatoa maji yake ya kumeng'enya chakula. Neva hazikuwepo tena, kwa hiyo ujumbe ulikuwa umesafiri kwa damu.

Homoni ikishaingia kwenye damu hufika kila mahali. Anayeamua kuitika ni seli yenyewe: iliyo na kipokezi cha homoni ile itaitika, isiyo nacho haitajua hata kama imepita. Na kila homoni ina mwendo wake. Adrenalini hushtua moyo papo hapo na huondoka kwenye damu ndani ya dakika chache. Homoni za thairoidi ni za mwendo wa taratibu. Huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamua jeni zipi zifanye kazi zaidi na zipi zipunguze, kisha seli inatengeneza protini mpya, na hapo ndipo mabadiliko yanapoanza kuonekana, baada ya siku au majuma. Kwa kuwa karibu kila seli ina vipokezi vyake, homoni hizi zikipungua dalili hutawanyika: moyo hupunguza kasi, utumbo huzubaa, joto la mwili hushuka, ngozi hukauka, akili huwa nzito. Baridi, choo kigumu, usingizi wa mchana na kilo zilizoongezeka vinaonekana kama matatizo manne, kumbe vinaweza kutoka mahali pamoja. Kuhusu kilo, niseme hivi: thairoidi ikishuka huongeza kilo chache, na nyingi kati yake ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Kilo 3 zako zinaingia humo. Mtu aliyeongezeka kilo 20 asiitupie thairoidi lawama zote.

Sasa TSH, mahali ambapo wengi hujikwaa. TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye pituitari, tezi yenye uzito wa takriban nusu gramu, nayo hupokea maagizo kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi. Pituitari hupima muda wote homoni za thairoidi zilizo kwenye damu. Zikitosha, inatoa TSH kidogo. Zikipungua, inaongeza. Ni kama mzazi anayemwita mtoto aliye chumba cha pili: asipoitikiwa, anapaza sauti. Kwa hiyo TSH iliyopanda maana yake thairoidi inazalisha kidogo kuliko pituitari inavyotaka. Wagonjwa wengi husoma TSH ya juu wakadhani thairoidi imezidi, wakaanza kutafuta dawa ya kuipunguza, na hilo ni kosa la kuelekea upande usio wenyewe kabisa.

Utauliza, mbona T4, yaani thairoksini, homoni kuu ya thairoidi, iko sawa? Kwa sababu pituitari ni nyepesi mno kuhisi. T4 huru ikipungua kwa nusu, TSH inaweza kupanda hata kufikia mara 100. Halafu kile kiwango cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ni cha watu wengi waliochanganywa pamoja, wakati kiwango chako wewe binafsi ni finyu zaidi ndani ya hicho kikubwa. T4 yako inaweza kuwa imeshuka kutoka pale mwili wako ulipozoea, ikabaki bado ndani ya mipaka ya maabara. Mashine haijui ulikuwa wapi kabla ya ujauzito. Pituitari yako inajua, na ndiyo iliyolalamika.

Lakini kilichonivuta zaidi kwenye barua yako ni yale ya mwezi wa 3, uliyoambiwa ni uchovu. Kukonda ghafla, moyo kwenda mbio na usingizi kupotea ni dalili za homoni za thairoidi kuzidi. Ziliisha zenyewe, kisha miezi michache baadaye zikaja dalili za kupungukiwa. Mfuatano huo, ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, unaelekeza kwenye hali inayowapata takriban wanawake 5 kati ya 100: kinga ya mwili kuishambulia thairoidi baada ya uzazi. Siwezi kukuthibitishia bila kukuona, ila kama ningeandika dhana moja tu juu ya faili lako, ningeandika hiyo.

Inatokea hivi. Wakati wa ujauzito mfumo wa kinga hutulizwa ili usimkatae mtoto. Baada ya kujifungua kinga inarudi kwa nguvu, na kwa mwanamke ambaye tayari alikuwa na mwelekeo huo, inaigeukia thairoidi. Tezi hii ina tabia ambayo tezi nyingine hazina kwa kiwango hicho: huweka akiba ya homoni ya kutosha miezi 2 hadi 3. Seli zikijeruhiwa, akiba inavuja kwenye damu kwa wingi. Hapo ndipo moyo wako ulipokwenda mbio. Thairoidi haikuwa ikizalisha kupita kiasi, ilikuwa ikivuja. Ndiyo maana katika awamu ile dawa za kuzuia uzalishaji hazisaidii. Moyo ukisumbua sana, mgonjwa hupewa tu dawa ya kuutuliza mpaka uvujaji uishe. Akiba ikaisha. Sasa ghala ni tupu, seli zilizojeruhiwa bado zinajijenga, na homoni mpya haijafikia mahitaji. Uko kwenye awamu hiyo ya pili, ambayo kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa 4 na wa 8. Kwa wanawake wengi thairoidi hurudi kwenye hali yake mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu baada ya kujifungua. Baadhi hubaki nayo ikiwa chini moja kwa moja. Kwa hiyo kukutangazia leo kwamba utameza dawa maisha yako yote ni kuharakisha hukumu.

Kipimo cha kingamwili zinazoilenga thairoidi, kinachoandikwa anti-TPO, kingesaidia hapa. Kikiwa chanya kinaipa nguvu dhana hii, na kinaonya kwamba uwezekano wa tezi kubaki chini ni mkubwa zaidi. Na endapo mapigo ya moyo yatarudi kwenda mbio, daktari atataka kutofautisha hali hii na ugonjwa wa Graves, ambao kwa huo thairoidi huzalisha kupita kiasi kweli. Akipendekeza picha ya thairoidi inayotumia ayodini ya mionzi, mkumbushe mara moja kwamba unanyonyesha, maana kipimo hicho hakifanywi kwa anayenyonyesha. Kuna kipimo cha damu cha kingamwili za Graves kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Sasa bayotini. Umeitaja kama jambo dogo mwishoni mwa barua, na kwangu ni moja ya mambo makubwa. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji takriban mikrogramu 35 kwa siku. Wewe unameza 10,000. Vipimo vingi vya homoni kwenye maabara hutumia bayotini kushikizia sehemu za kipimo, na damu ikiwa imejaa bayotini ya vidonge, ushikizo huo unaharibika. Matokeo yake TSH husomeka chini kuliko ilivyo, na T4 huru husomeka juu kuliko ilivyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari rasmi juu ya jambo hili. Kwako wewe maana yake ni hii: bayotini haiwezi kuwa ndiyo iliyokupandishia TSH. Kama imefanya lolote, imeificha. TSH yako halisi inaweza kuwa juu ya 7.8, na hiyo T4 iliyoandikwa ni ya kawaida inaweza kuwa imeinuliwa kwenye karatasi tu. Si kila mashine inaathirika, lakini hatuwezi kuamua matibabu kwa majibu ya aina hii. Acha bayotini angalau siku 2 kabla ya kupima tena, na kwa dozi kubwa kama yako ningependa ziwe 3 au zaidi.

Na kusema kweli, sioni sababu ya kuirudia. Bayotini huotesha nywele za mtu aliyepungukiwa na bayotini, na hao ni wachache sana. Nywele zako zina sababu nyingine. Wakati wa ujauzito estrojeni nyingi huzishikilia nywele kwenye hatua ya kukua, hivyo hata zile ambazo zingedondoka hubaki kichwani. Baada ya kujifungua estrojeni inaporomoka, nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na miezi 2 hadi 4 baadaye zinatoka kwa mafungu. Hiyo ni kawaida na hurudi. Kwa kuwa zako bado zinatoka mwezi wa 7, thairoidi inaweza kuwa inachangia, na upungufu wa madini ya chuma vilevile. Omba upimwe wingi wa damu na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Feritini iliyo chini inaweza kumfanya mama anayenyonyesha ajione mgonjwa wa thairoidi.

Hizo ndizo nyongeza ninazokushauri. Umeuliza kuhusu kupima homoni zote: hapana. Homoni nyingi hazina maana bila kujua saa, siku na hali ya mwili. Kotisoli, homoni ya adrenali, huwa juu asubuhi na chini kabisa karibu na usiku wa manane, kwa hiyo kipimo cha saa 9 alasiri hakilinganishwi na cha saa 2 asubuhi. Projesteroni hupimwa takriban wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa, na wewe huenda hedhi hazijarudi. Estrojeni yako ikipimwa leo inaweza kuonekana ya chini, kwa sababu prolaktini inayokupa maziwa inazituliza ovari. Ni mwili unaofanya kazi yake vizuri, lakini kwenye karatasi itawekwa alama nyekundu, nawe utauziwa matibabu ya ugonjwa ambao huna. Kipimo kizuri huanza na swali, na swali lako liko kwenye shingo.

Kuna jambo moja la kuhakikisha ambalo majibu ya maabara hayaulizi. Wakati wa kujifungua, ulitokwa na damu nyingi mno, kiasi cha kuzimia au kuongezewa damu? Pituitari ikikosa damu wakati huo inaweza kufa sehemu yake, na dalili ya kwanza huwa maziwa kutotoka kabisa. Katika hali hiyo TSH haiaminiki, maana tezi inayoitoa ndiyo iliyoumia. Wewe unanyonyesha na TSH yako imepanda, kwa hiyo sina wasiwasi nawe. Naiandika kwa sababu kuna dada mwingine atasoma hapa ambaye maziwa hayakutoka, hedhi haijarudi, amechoka kupita kiasi, na ameambiwa TSH yake ni nzuri. Huyo amwone daktari wiki hii na apimwe T4 huru na kotisoli ya asubuhi.

Turudi kwenye unga. Homoni hazichafuki kiasi cha kuhitaji kusafishwa. Ini na figo huziondoa kila saa: insulini huondoka kwa dakika, thairoksini hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7 hivi. Unga wa mwani una hatari yake ya pekee, kwa sababu mwani unaweza kubeba ayodini nyingi mno. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 za ayodini kwa siku, na thairoidi inaihitaji kweli, kwa maana thairoksini hujengwa kwa atomi 4 za ayodini. Lakini ikizidi sana, thairoidi hujifunga na kuacha kuzalisha. Tezi yenye afya hufunguka tena baada ya siku chache. Iliyojeruhiwa kama yako inaweza kushindwa. Na ayodini hupita kwenye maziwa, ikaifunga thairoidi ya mtoto, ambaye ubongo wake unaitegemea homoni hiyo kuliko wako. Mshukuru wifi kwa kukujali, ila unga usitumike.

Sasa dawa. Una njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni kusubiri kwa uangalizi: unaacha bayotini, unarudia TSH na T4 huru, kisha unapima kila baada ya wiki 4 hadi 8 mpaka zitulie. Hii inafaa kama dalili zinavumilika, TSH iko chini ya 10 na huna mpango wa mimba karibuni. Ya pili ni kuanza levothairoksini, yaani thairoksini ya kidonge, kwa muda, miezi 6 hadi 12, kisha kuipunguza na kuona kama tezi imeamka. Ningeelekea huko kama TSH bila bayotini itavuka 10, kama T4 itakuwa imeshuka kweli, au kama uchovu unakushinda kumhudumia mtoto. Usitarajie muujiza lakini. TSH ikiwa imepanda kidogo tu, dawa haimsaidii kila mtu: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa wazee 737 wenye hali hiyo haukuona tofauti ya dalili kati ya waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu. Wewe si mzee na sababu yako ni nyingine, hivyo siuchukui utafiti huo mzima mzima. Ila unanizuia kukuahidi kwamba kidonge kitafuta kila uchovu wa mama mwenye mtoto wa miezi 7.

Na ikitokea thairoidi haikuamka, ujue unachokabili. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Uingereza, alimchoma sindano za maji ya thairoidi ya kondoo mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amezidiwa na upungufu huu. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi. Leo ni kidonge kidogo cha asubuhi, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, na saa 4 mbali na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, kwa kuwa huzuia kisifyonzwe. Damu hupimwa tena wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, si kabla, kwa sababu thairoksini huchukua muda huo kutulia mwilini.

Mwone daktari ana kwa ana ndani ya wiki mbili hizi, akushike shingo, asikilize moyo, apange vipimo nilivyotaja. Usisubiri wiki hizo kama shingo inavimba na kumeza au kupumua kunakuwa shida, kama una maumivu ya kifua, au kama watu wa nyumbani wanaona umezubaa, unachanganyikiwa, mwili ni wa baridi na huamki vizuri. Na jambo ambalo kina mama hulificha: kama huzuni imekufunika siku nyingi, hujisikii chochote kwa mtoto, au yamekujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, nenda hospitali leo, na mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi. Thairoidi iliyoshuka inaweza kuongezea uzito wa hali hiyo, lakini sonona baada ya kujifungua hutibiwa yenyewe, haisubiri TSH ishuke.

Mambo yakitulia, pima TSH mara moja kila mwaka, hata ukijisikia mzima. Ukitaka mtoto mwingine, pima kabla ya kushika mimba, kwa sababu katika majuma ya mwanzo mtoto hana thairoidi inayofanya kazi, anategemea thairoksini ya mama. Hali hii pia hupenda kurudia baada ya uzazi unaofuata. Na kama wakati huo utakuwa unatumia levothairoksini, siku utakayogundua una mimba wasiliana na daktari wako siku ileile, maana dozi kwa kawaida huhitaji kuongezwa kwa takriban robo au zaidi, na hilo haliwezi kungoja hudhurio la kwanza la kliniki.